Kura ya Kukaa

Diwani wetu alikuwa na neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa "limepokelewa". Ukimwambia mtaro wa maji machafu umeziba, limepokelewa. Ukimwambia taa za njiani hazijawaka tangu mwaka juzi, limepokelewa, kisha analiandika, au anajifanya kuliandika, kwenye kitabu chake chenye jalada la ngozi. Siku moja alikisahau juu ya dawati nikakifunua. Kurasa zilikuwa nyeupe tupu. Ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa na wino: alikuwa akijizoeza kutia sahihi. Watu wa mlimani kwetu walikuwa wamekwisha kulisahau jina alilopewa na baba yake, wanamwita Limepokelewa, naye akidhani ni sifa.

Tumejuana tangu shule ya usiku. Tulianza pamoja, watu wazima thelathini na wawili tuliobanana kwenye madawati ya watoto, tukitoka kazini na njaa zetu. Yeye alidumu wiki sita. Alisema mwanga wa taa unamuumiza macho. Mwanga huohuo mimi ulinifikisha kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na minne, na cheti changu kiko ukutani, hakiko kabatini. Mtu aliyekimbia hesabu za sehemu ndiye tuliyemtuma akatusimamie mfuko wa jamii. Tulimchagua wenyewe, na aliyejikata kwa kisu chake halii kwa jirani.

Mimi nilikuwa mhudumu wa ukumbi wa baraza kwa miaka thelathini na moja. Nilipanga viti, nilifuta meza ya Meya, nilipiga kengele ya muda. Kanuni za vikao nilizisoma kwenye nakala iliyotupwa, jalada likiwa limeliwa na panya, nikazisoma mara nyingi kuliko madiwani wote waliopita mle kwa jumla. Wengi wao hawakuwahi kuzifungua. Waliitumia nakala yao kuwekea vikombe.

Mwaka uliotangulia baraza lilitupandishia kodi ya nyumba. Tuliambiwa nyongeza itaingia mfuko wa jamii, na mfuko ndio utakaolipia basi lipande mlimani kwetu, kwa sababu hakuna mwenye basi anayekubali kuliua kwa ule mwinuko kwa nauli ya kawaida. Tulinung'unika, tukalipa, basi likaja. Lilikuwa kuukuu, mlango wa nyuma umefungwa kwa waya, lakini kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu lilikuwa pale kituoni likitoa moshi. Sasa kamati ya fedha ikaleta hoja: malipo ya basi yakomeshwe, fedha zijenge banda la kuegesha magari ya madiwani. Sababu niliisoma kwa macho yangu kwenye ubao wa matangazo. Jua lilikuwa linaharibu rangi ya magari.

Dada yangu, mdogo wangu wa mwisho, anashona hospitalini. Yuko chumba cha kufulia, anatia viraka mashuka na kurudishia vifungo makoti ya waganga. Nyonga yake ya kushoto iliwahi kuvunjika ikaungwa vibaya, na kwenye ngazi anakwenda kama mtu aliyebeba kabati peke yake. Kutoka nyumbani kwetu hadi barabara ya chini kuna ngazi mia mbili na kumi na nne. Ilikuwa imebaki miezi kumi na moja astaafu apate kiinua mgongo chake. Akiacha kazi kabla ya siku hiyo, anapewa barua ya shukrani. Akichelewa mara tatu katika mwezi mmoja, anaachishwa, na hata hiyo barua ya shukrani haipati.

Basi tuliitisha mkutano wa wakazi katika darasa la shule ya msingi. Limepokelewa alikuja amevaa suti ya rangi ya kahawia, akaketi kwenye kiti cha mwalimu, kitabu cha ngozi mapajani. Watu walisema ya kwao, naye akapokea. Dada yangu akasimama, mkono mmoja kwenye dawati.

"Mheshimiwa, mimi sina hotuba. Basi likiondoka, mimi sina kazi. Nimeshona miaka ishirini na tisa. Imebaki miezi kumi na moja. Nakuomba hilo tu."

"Limepokelewa, dada."

"Sitaki lipokelewe. Nataka ukalikatae hilo banda."

Watu walicheka. Yeye naye alicheka, kwa kuwa hakujua nani anachekwa.

"Nitawasha moto kule," akasema. "Mtasikia."

"Uliahidi kuwasha taa za njiani kwanza," akasema fundi viatu kutoka nyuma.

"Hilo nalo limepokelewa."

Sikumwamini hata kidogo, ila hesabu nilikuwa nimeipiga. Madiwani walikuwa ishirini na watatu bila ya Meya. Kumi na mmoja walikuwa na magari mapya, na hao walilipenda banda kama mama anavyopenda kifungua mimba. Kumi na mmoja walitoka sehemu ambazo mabasi yao ndiyo yangefuata kukatwa, kwa hiyo walilikataa. Aliyebaki alikuwa huyu wetu. Nchi ina watu wenye akili, ngazi na barabara zimejaa watu wenye akili, lakini riziki ya dada yangu ilikuwa imening'inia kwa Limepokelewa.

Jioni ya kuamkia kikao nilikwenda nyumbani kwake. Mkewe alikuwa anapiga pasi barazani. Yeye alikuwa ameketi anajipepea kwa gazeti ambalo hakuwa analisoma.

"Karibu, mwalimu," akaniambia. Hilo jina aliniita kwa kunidhihaki tangu nilipofaulu.

"Nimekuja kukufundisha kupiga kura."

"Nimepiga kura miaka minane mle ndani."

"Umefuata mkumbo miaka minane. Sikiliza. Kesho kura ni ya kusimama na kukaa. Meya atasema, wanaokubali hoja wasimame. Hoja ni ya banda. Wewe hutaki banda. Kwa hiyo unafanya nini?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, na halikuwa jambo la kupendeza kutazama.

"Nakaa," akasema.

"Unakaa. Husimami, huinuki, hujinyooshi mgongo. Karani anahesabu waliosimama, basi. Kazi yako yote kesho ni kukaa."

Mkewe akanyunyizia maji kola ya shati. "Hilo ataliweza," akasema bila kuinua macho. "Miaka ishirini niko naye, sijaona ameshindwa kukaa."

"Mama nanihii," akasema mume.

"Si nakusifu?"

Nilirudi nyumbani nimeridhika kidogo. Nilijiambia, hata gunia la mchanga ukiliweka kwenye kiti linakaa. Nilikosea. Gunia halina adabu za kujipendekeza.

Asubuhi yake tulishuka kwa basi, mimi na dada, ambaye alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake. Tulikaa kwenye viti vya wasikilizaji, nyuma ya kizuizi cha mbao nilichokuwa nikikipaka rangi kila mwaka. Mhudumu wa sasa ni mama mmoja niliyemfundisha kazi mwenyewe. Alinisalimia kwa kichwa. Viti vyake vilikuwa vimenyooka, jambo la kushukuru, maana ndilo jambo pekee lililonyooka mle ndani.

Kila diwani alikuwa na dakika tano kueleza kero za wakazi wake kabla ya kura. Wengine walieleza. Mmoja wa bondeni alizungumza habari ya kodi na mtaro kwa dakika tatu, kila mtu akamwelewa, akaketi. Kisha ikaja zamu ya wetu.

Alisimama, akafunga kifungo cha koti. Akamshukuru Meya. Akamshukuru Naibu Meya. Akamshukuru mwenyekiti wa kamati ya fedha, yuleyule mwenye banda, akamwita jemadari. Akawataja wenyeviti wengine wa kamati kwa vyeo vyao, mmoja akamkosea cheo, akaomba radhi, akaanza upya. Akampa pole mjumbe aliyefiwa, ambaye alikuwa amefiwa mwaka uliopita. Akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaendelea kuizingatia. Niliitazama saa ya ukutani. Nilijua bila kuambiwa mkono wa mhudumu ulipokuwa unakwenda.

"Sasa, Mheshimiwa Meya," akasema, "naomba nijikite katika suala la wananchi wangu wa mlimani, na basi..."

Kengele ikalia.

"Dakika zako zimekwisha, mheshimiwa," akasema karani.

"Naunga mkono hoja," akasema, kwa mazoea, na akaketi.

Dada yangu akanigeukia. "Ameunga mkono nini?"

"Hajui. Usijali, hilo halihesabiwi. Kura ndiyo inahesabiwa. Akae tu."

Meya akaisoma hoja. Meya wetu ni mtu mfupi sana, na safu ya nyuma ya madiwani imefichwa na nguzo. "Wanaokubali hoja wasimame." Wakasimama kumi na mmoja, wenye magari, kama nilivyohesabu, wakiwa na tabasamu. Wengine wakakaa. Limepokelewa akakaa. Alikuwa ameyashika mapaja yake kwa mikono miwili kama mtu aliye juu ya punda, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona akifanya kazi.

Karani alianza kuhesabu kwa kalamu yake. Alipofika safu ya nyuma, nguzo ikamzuia Meya asione, naye Meya akainuka kutoka kitini ili atazame vizuri.

Hapa lazima nieleze. Katika ukumbi ule, Meya akisimama, baraza zima linasimama. Ni desturi ya heshima, na iko kwenye kanuni. Lakini kanuni hiyohiyo, mstari wa pili, inasema isipokuwa wakati wa kura. Madiwani ishirini na wawili walilijua hilo, hata wale waliowekea vikombe. Meya alipoinuka, walioketi walibaki wameketi.

Limepokelewa alichomoka kama springi ya godoro. Mikono pembeni, kidevu juu, tumbo ndani. Alisimama vizuri kuliko waliosimama kwa makusudi.

"Kumi na wawili," akasema karani, na kalamu yake ikaandika.

Dada yangu hakupiga kelele. Alinishika kiwiko. "Kaka, mwambie akae."

"Wasikilizaji hawaruhusiwi kusema."

"Kwani wewe bado ni mhudumu?"

"Nikisema nitatolewa nje, na maneno yangu hayaandikwi popote. Ngoja. Ipo njia."

Na njia ilikuwepo. Diwani anaweza kusahihisha kura yake mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, kabla Meya hajagonga meza. Nilichana karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: SEMA HIVI SASA: NAOMBA KUSAHIHISHA KURA YANGU, NAKATAA HOJA. Nikampa mhudumu. Mama yule alitembea haraka kwa viatu visivyolia, kama nilivyomfundisha, akampelekea mkononi. Karani alikuwa bado anaandika hesabu yake. Muda ulikuwepo wa kutosha. Mtoto wa darasa la pili angemaliza na kubakiza.

Limepokelewa aliisoma karatasi. Midomo yake ilikwenda nayo neno kwa neno, hata mimi niliweza kufuata. Alifika mwisho. Akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya kitabu cha ngozi, akakifunga. Kisha akainua uso kututazama, akaitikia kwa kichwa, kwa upole, na midomo yake ikasema bila sauti neno lake.

Meya akagonga meza.

Limepokelewa alitukuta nje kwenye veranda, anajifuta jasho. "Mmenisikia nilivyoanza?" akasema. "Kengele tu ndiyo iliyoniharibia."

"Ulisimama," nikamwambia.

"Meya alisimama."

"Nilikwambia usiinuke."

"Mwalimu, wewe umesoma, lakini hujui siasa. Meya asimame, mimi nimekaa? Nitaonekana mtu wa namna gani?"

"Na karatasi?"

"Ninayo." Akakipigapiga kitabu. "Nitaishughulikia."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa sanifu. Dada yangu alinitangulia. Hakukasirika. Alimtazama kama anavyotazama shuka, akitafuta panapoweza kushika uzi.

"Mheshimiwa, duka lako la magodoro si liko nyuma ya hospitali?"

"Mtaa wa pili tu, dada."

"Unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Ahaa," akasema.

Njiani nilimwambia kwamba nitaandika barua kwa karani kueleza kifungu kwa kifungu jinsi kura ile ilivyo batili. Akanisikiliza hadi mwisho. "Andika, kaka," akasema. "Wewe unazijua kanuni kuliko wao wote. Na wao wana banda."

Niliiandika. Kurasa tatu. Ikarudi na muhuri juu yake, na muhuri ulisema neno lilelile la diwani wetu, kwa wino wa zambarau.

Jumatatu ambayo basi halikuja, dada aliamka saa kumi na moja. Nilitoka na mwavuli na tochi nikidhani ninamsindikiza kwenye ngazi. Hakuelekea kwenye ngazi. Alikwenda na fimbo yake hadi lango la Limepokelewa, ambako diwani mwenyewe, amevaa fulana, alikuwa anafuta kioo cha gari lake jeupe. Dada akamsalimu. Akafungua mlango wa mbele, akaingiza mguu mzima, akauvuta ule mbovu kwa mikono miwili, akaketi. Akaweka mkoba mapajani, akafunga mkanda.

"Dada, vipi?" akasema Limepokelewa, kitambaa mkononi.

"Salama, mheshimiwa. Naingia kazini saa moja."

"Mimi natoka saa moja na nusu."

"Leo utatoka saa kumi na mbili na nusu."

"Sasa, dada yangu, hili ni gari la binafsi."

"Najua. Linajengewa banda kwa kodi yangu."

Akanigeukia mimi. "Mwalimu, mwambie ashuke."

"Siwezi," nikasema. "Mimi ni msikilizaji tu."

Majirani wawili watatu walikuwa wamesimama njiani na ndoo zao. Mmoja aliweka yake chini ili asikie vizuri. Limepokelewa akazunguka gari, akafungua mlango wa dada, akaufunga tena. Akaanza kusema habari ya taratibu, ya maombi kwa maandishi, ya kulifikiria.

"Lifikirie," akasema dada. "Mimi nimekaa."

Mkewe alikuwa ametokea mlangoni, pasi mkononi, waya unaning'inia. Alitazama gari, akamtazama mumewe, akatazama fulana yake.

"Kavae shati," akamwambia. "Mama wa watu atachelewa."

Akaenda kuvaa shati.

Siku ile dada alifika kazini dakika ishirini kabla ya kengele. Kesho yake alikwenda tena, na kesho kutwa. Wiki ya pili alimwambia Limepokelewa kwamba kuna mfuaji mwenzake mwenye mimba, anaishi nyumba ya nne, na viti vya nyuma vimekaa bure. Wiki ya tano kulikuwa na watu wanne ndani ya gari lile, wote wa kufulia, wanazungumza habari za sabuni, na mheshimiwa diwani mbele anaambiwa apunguze mwendo kwenye mashimo, mashimo aliyoyapokea mwenyewe miaka minane. Mimi sikupanda hata siku moja, ingawa niliitwa. Magoti yangu yanazijua ngazi mia mbili na kumi na nne, na katika hizo hakuna hata moja ninayodaiwa fadhila.

Mwezi wa nne ukaja mkutano mwingine wa wakazi, darasa lilelile. Limepokelewa alisimama mbele ya ubao, suti ileile ya kahawia.

"Ndugu wananchi," akasema, "mlilia usafiri. Nilikipokea kilio chenu. Nani asiyejua leo kwamba mimi mwenyewe, kwa gari langu na mafuta yangu, nimeleta usafiri mlimani?"

Kisha mtu mmoja akapiga makofi, sijui kwa nini; watu wengine huyapiga kama wanavyopiga chafya. Mwingine akafuata. Darasa zima likaanza kuinuka, madawati yakikwaruza sakafu, hata fundi viatu, hata yule mwenye mimba. Yeye pale mbele akayapokea makofi yale kwa kichwa kilichoinama kidogo, kitabu cha ngozi kifuani.

Mimi sikuinuka. Niliyashika mapaja yangu nikabaki nimekaa, na naweza kushuhudia kwamba si kazi ngumu. Hata mtu asiye na cheti anaiweza.

Dada alikuwa amesimama kando yangu, ameegemea fimbo. Aliniinamia sikioni.

"Kaka, piga makofi kidogo. Bado miezi saba."

Nilimtazama. Mkono wake uliokuwa juu ya fimbo una alama za sindano za miaka ishirini na tisa, na uso wake haukuwa unacheka.

Nikapiga makofi. Mara mbili, nikayahesabu. Lakini niliyapiga nikiwa nimekaa.